Hoja Niliyokuandikia

Mpendwa ndugu yangu wa kitanda cha chini,

Nimefika kwenu. Nimefika na sanduku lako la bati, lile lenye kufuli bovu, na sikugusa maji ya bahari kabla ya kumsalimu mama yako, kama ulivyoniagiza siku ile ukiwa na mguu mmoja kwenye lori. Sasa nimerudi Mkiwa, shule imefunguliwa, watoto wananiita mwalimu asubuhi hadi jioni, na mimi sina raha. Kuna neno nilipaswa kulisema kwenu, nikalimeza. Nakuandikia wewe kwa sababu hutaniuliza kwa nini nilinyamaza. Barua naiacha wazi, bila gundi. Wale tuliokuwa nao bwaloni Jumamosi ile, wakipita hapa njia panda, nitawapa waisome, maana wao waliona upande mmoja tu wa mambo.

Unakumbuka ulivyokuja chuoni, Shomari? Ulitoka kusini kabisa mwa pwani ukaletwa Singida mwezi wa saba, umevaa shati jepesi na ndala, na upepo wetu ukakupokea bila huruma. Usiku wa kwanza ulitetemeka hata kitanda cha juu kikatikisika. Nikakutupia blanketi langu la pili. Ukauliza kutoka huko chini, "Hivi hapa nako ni Tanzania?" Nikakujibu, "Hapa ndiyo Tanzania yenyewe, nyie mmekaa ukingoni." Basi kuanzia siku hiyo ukaniita Mnyaturu, kana kwamba mama hakunipa jina, nami nikakuita Mswahili. Blanketi hukunirudishia, na mimi sikulidai.

Mlenda ulikushinda wiki nzima. Ulikuwa unachovya tonge la uwele, unaliinua, unautazama mlenda unavyovutika, kisha unairudisha mikono yako magotini kama mtu aliyefiwa. Wiki ya pili njaa ikakufundisha. Kufika mwezi wa tisa ulikuwa unaninyemelea sahani yangu, na nilipokusema ulijibu kwamba mgeni haulizwi alichokula.

Jumapili moja uliniomba nikupeleke ziwa Singidani. Ulikuwa umesikia tuna ziwa la maji ya chumvi, ukadhani umepata pa kupozea moyo. Ulipiga magoti ukingoni, ukachota kwa kiganja, ukaonja, ukatema.

"Hii si chumvi, Mnyaturu. Haya ni magadi."

"Sisi ndiyo tuliyo nayo."

"Na tena yamelala. Tangu tufike hayajasogea hata hatua moja."

Ndipo ukanieleza kwamba maji ya kwenu huondoka, yakaacha mchanga mtupu, watu wakatembea juu yake kwenda kuokota chaza, halafu yakarudi mahali pake. Mara mbili kwa siku. Nikakuuliza yanakwenda wapi. Ukasema yanakwenda zake. Nikakuuliza nani anayarudisha. Ulicheka hata ukakaa juu ya jiwe. Nilikuwa na hakika unanidanganya kama watu wa pwani wanavyotudanganya sisi wa bara, na nilikaa na hakika hiyo mpaka mwezi uliopita.

Tulipofika nyumbani Mwankoko siku hiyo, mama yangu alikuuliza swali kwa Kinyaturu, nami nikatafsiri: huko kwenu kwenye maji, mnalima wapi? Ukamjibu kwa adabu zote kwamba mnalima mihogo na mnayo mashamba ya minazi, tena nchi kavu kama watu wengine. Mama akashusha pumzi. Ulipoondoka aliniambia alikuwa na wasiwasi kwamba nimefanya urafiki na mtu asiye na shamba.

Kisha vita vikaja. Tulisikia redioni tukiwa bwaloni, sahani mkononi, na hakuna aliyemaliza chakula chake. Adui alikuwa ameingia Kagera, mbali na sisi na mbali zaidi na kwenu. Lakini ajabu ya Singida, unaikumbuka, ni kwamba watu sokoni hawakubishana sana habari za Kagera. Walibishana habari za bahari. Dizeli inakuja kwa meli, walisema. Bunduki zinakuja kwa meli. Sabuni ilipopotea madukani, wakasema meli hazitii nanga. Fundi viatu wa pale karibu na stendi alishika msumari mdomoni akasema kwamba mwenye bahari ndiye mwenye vita. Muuza kuku akamjibu kwamba bahari haijawahi kumletea hata yai.

Na katikati ya ubishi huo wote walikuita wewe. Ulikuwa mtu pekee waliyemjua aliyezaliwa na kukulia kando ya bahari, basi ukawa mtaalamu. Mzee mmoja alikushika mkono akauliza kama adui anaweza kuja kwa maji akatokea Dar es Salaam. Ukamwambia, "Shikamoo mzee. Mimi sijui. Baba yangu alikuwa anasuka makuti." Mzee akatikisa kichwa, akawaambia wenzake kwamba kijana anaficha siri za serikali. Tulicheka njia nzima hadi chuoni. Ilikuwa mara yetu ya mwisho kucheka vile, ingawa hatukujua.

Mkufunzi wetu wa Siasa naye hakutaka ubishi ule uishie sokoni. Akabandika hoja kwenye ubao wa matangazo: Wakati wa vita, bahari ni muhimu kwa taifa kuliko nchi kavu. Na wewe unaijua desturi yake. Alikuwa akisema kwamba anayetetea anachokijua hajifunzi kitu. Kwa hiyo mimi, niliyeishia Manyoni na treni nikaiona ikipita tu, nikapewa kuitetea bahari. Wewe ukapewa kuipinga. Chuo kizima kilicheka kusoma majina yetu.

Tukafanya walivyofanya wote, jambo ambalo wakufunzi hawakulijua au walijifanya hawalijui. Tukabadilishana kalamu. Wewe ukaniandikia ya bahari, mimi nikakuandikia ya nchi kavu. Kwa siku nne, kila alasiri, tulikaa juu ya mawe nyuma ya jiko, kila mtu ameinamia karatasi ya mwenzake. Uliniandikia kwamba bahari ni barabara isiyohitaji kuchongwa. Uliniandikia habari za bandari, za chumvi, za meli inayobeba shehena ya malori mia. Nami nikakuandikia maghala ya mtama, ng'ombe ambao wafugaji wetu walikuwa wanawatoa kwa ajili ya jeshi, reli, na malori tuliyokuwa tunayaona yakipita Mkiwa yamejaa askari wanaoimba. Mwishoni nikaandika hivi: Bahari ina mawimbi ya kuilinda, nchi kavu inalindwa na miguu ya watu wake.

Niliipenda sana sentensi ile. Niliiandika mara mbili, ya pili kwa mwandiko mzuri, nikaipigia mstari chini kwa rula. Ulipoisoma ukasema, "Hii nitaisema polepole."

Jumamosi ikafika. Tulimaliza chakula cha mchana, meza zikasogezwa ukutani, madirisha ya bwalo yakafungwa kwa sababu ya vumbi. Tulikuwa hatujajua kwamba kuna mgeni rasmi. Alikuja na lori, ametoka ofisi ya wilaya, anapita kwenye vyuo na vijiji kutafuta watakaojitolea, na mkuu wa chuo akaona ni heshima kumkaribisha asikilize vijana. Alikuwa mtu mpole. Nasema hivyo kwa sababu nimetafuta sana ubaya wake na sijauona.

Unajua kila mdahalo wetu ulianza kwa kanuni. Mwenyekiti alikuwa anasimama na kuzisoma, na ya mwisho ilikuwa hii: asemayo msemaji humu ndani, asiulizwe nje. Tulikuwa tunaisoma wote kwa sauti moja kama sala, maana bila hiyo nani angekubali kutetea asichokiamini? Siku ile mwenyekiti aliziruka kanuni zote, ili kumheshimu mgeni asikalishwe sana. Alisema, "Kanuni tunazifahamu, tuendelee." Ni kweli, tulizifahamu. Mgeni hakuzifahamu.

Nilianza mimi. Nikaisema bahari yako yote, na chuo kikapiga meza. Kisha ukasimama wewe. Ulisema taratibu, kwa Kiswahili chenu kile kilichotufanya sisi wa bara tujione tunatafuna mawe, na ulipofika pale pa mstari wa rula ukasema polepole kama ulivyoahidi. Hakuna aliyepiga meza. Kura zilipopigwa nilikushinda kwa mikono michache, bahari ikashinda Singida, na ulikuja kunipa mkono huku unacheka kwa chini.

Mgeni rasmi akasimama kutoa shukrani. Alitusifu. Kisha akasema, "Lakini mimi nimemwelewa zaidi huyu aliyeshindwa. Ndugu, umesema nchi kavu inalindwa na miguu ya watu wake. Mimi nina lori hapo nje. Miguu yako je?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mkufunzi wa Siasa akajiinua nusu kitini, akasema, "Ndugu mgeni rasmi, katika mdahalo kwa kawaida..." halafu akaketi. Simlaumu. Vita vimewaka, mgeni wa serikali amesimama, nani angeinuka kumwambia kwamba maneno yale mazuri ya kulinda nchi yalikuwa ni mchezo wa shule?

Ndipo ukageuka ukanitazama.

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako, Shomari. Nilijua unachokitafuta usoni mwangu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema: maneno hayo ni yangu, yeye amepangiwa zamu tu. Ingechukua muda mfupi kuliko kukohoa. Nikainamisha macho nikaangalia karatasi yangu ya bahari. Sitakuficha sababu. Niliogopa kwamba nikisema maneno ni yangu, nitaulizwa miguu yangu.

Nikasikia sauti yako ikisema, "Ipo."

Neno moja tu. Meza zilipigwa kuliko zilivyopigwa kwangu. Wengine sita wakainua mikono baada yako, na mimi sikuinua.

Bwenini nilikukuta unakunja shati. Nilikuambia twende kwa mkufunzi, twende kwa mkuu wa chuo, nitaeleza kila kitu, karatasi ipo, mwandiko ni wangu. Hukuacha kukunja.

"Nimesema mbele ya watu, Mnyaturu. Nikirudi nyuma nitamtazamaje mtu?"

"Lakini maneno niliyaandika mimi."

"Uliyaandika. Niliyasema mimi."

Hukuwa na hasira. Ningefurahi kama ungekuwa nayo. Uliniuliza kama huko Kagera kuna baridi kama ya Singida, nikasema sijui, na ukachukua lile blanketi langu bila kuomba.

Jumatatu lori likaja. Ulikuwa umeshaniachia sanduku, ukiwa na mfuko mdogo tu begani. Ulipanda mguu mmoja, ukageuka ukasema, "Siku utakapofika kwetu, usiguse maji kabla ya kumsalimu mama. Atajua umefundishwa." Kisha ukapandisha mguu wa pili.

Barua yako moja ninayo. Uliandika kutoka kambini, penseli imefifia: "Mnyaturu, nimeliona ziwa lisilo na mwisho, nikafurahi, kumbe nalo limelala kama la kwenu. Halipwi wala halijai. Nimekaa kutwa nikilingoja." Hukuandika habari za vita hata mstari mmoja. Nilikujibu mara tatu. Sijui kama zilikufika.

Nilipomaliza chuo nilipangiwa kufundisha hapa Mkiwa. Wenzangu walinihurumia, kijiji cha njia panda, vumbi na upepo. Mimi nilishukuru moyoni. Nilijua malori yatakaporudi yatapita hapa. Na yalipoanza kurudi nilikuwa nawaacha watoto na hesabu za kugawanya, naenda kusimama barabarani. Askari walikuwa wanatupungia mikono, wanakijiji wanawapa maji na mahindi ya kuchoma, akina mama wanapiga vigelegele. Nilikuwa natazama nyuso moja moja hadi vumbi litue. Watoto walidhani mwalimu wao anapenda sana magari.

Halafu ikaja barua ya mdogo wako Mwanaidi, kwa mwandiko wa shule ya msingi. Kaka ameanguka huko. Mama anakusalimu. Anauliza habari ya sanduku.

Nililifungua, unisamehe. Kufuli bovu halihitaji ufunguo. Kulikuwa na shati moja, kitabu cha saikolojia ya watoto, kipande cha sabuni ulichokuwa unakitunza kama dhahabu, na chini kabisa karatasi yangu iliyokunjwa mara nne. Mstari wa rula bado ulikuwa umenyooka. Mwanaidi anajua kusoma, na anaujua mwandiko wako, angeona huu ni wa mtu mwingine. Nikaitoa ile karatasi, nikaiingiza kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, nikafunga sanduku kwa kamba. Hilo nalo nimelifanya, pamoja na lile la kwanza.

Basi likizo hii nikaja. Mama yako alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikapiga magoti nikasema shikamoo mama, hata kabla sijageuza kichwa kuyatazama maji yaliyokuwa pale mbele yetu, makubwa kuliko nilivyoyasema kwenye mdahalo. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa bara mwenye blanketi." Kwa hiyo ulimwambia.

Alinilisha hata nikaona haya. Kesho yake asubuhi akanionyesha maji yanavyoondoka, na ni kweli, Shomari, yanaondoka. Nilikwenda kukaa juu ya mchanga kungoja. Mwanaidi alikuja mara mbili kuniita nikanywe chai, nikamwambia bado. Nilikaa mpaka yakarudi, yakanilowesha viatu.

Jioni mama yako aliniambia jambo ambalo ndilo limenitoa raha. Alisema, "Aliniletea barua toka huko, Mwanaidi akanisomea hata nikaihifadhi." Akafumba macho. Akaisoma sentensi yangu bila kukosea neno, mawimbi na miguu, polepole vilevile. Kisha akasema, "Maneno haya si ya hapa kwetu. Hapa hatusemi hivi. Nani alimfunza?"

Nikasema, "Alifundishwa chuoni, mama."

"Basi ukimwona mwalimu wake huyo, mpe salamu zangu nyingi. Mwambie yale maneno ndiyo yanayonilaza. Kila nikiamka moyo ukiuliza alikwendea nini mtoto yule, huyasema hayo, nikasinzia tena."

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimekuja nayo kwenu kwa nia ya kuitoa, naapa. Niliushika ule mkunjo kwa vidole, nikamwangalia mama yako aliyekuwa ameshaendelea kusuka, nikauacha. Ningemwambia nini? Kwamba mwanawe alipelekwa na zamu ya mdahalo, na kanuni iliyorukwa, na rafiki aliyeinamisha kichwa? Angelala na nini usiku huo? Na nikinyamaza, naendelea kusifiwa kwa kilichomuua. Nimeligeuza jambo hili kutoka pwani hadi Manyoni na kutoka Manyoni hadi hapa, na kila upande ninaoushika unanikata. Nilizoea kushinda midahalo, ndugu yangu. Huu sina hoja.

Wiki hii mkuu wa shule ameniomba nianzishe mdahalo kwa darasa la saba. Nimekubali, maana sikupata la kukataa. Nimewasomesha kwanza ile kanuni ya mwisho, na nimewasomesha tena, hadi mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, si tumeshaijua?" Nikamwambia isome tena.

Upumzike, Shomari, popote walipokulaza. Blanketi uliondoka nalo, natumaini lilikufaa. Salamu za mama yako nimezibeba hadi Mkiwa, na mwenye kupewa ni mimi. Zimenifika. Sijui zinajibiwaje.

Ni mimi, Mnyaturu wako wa kitanda cha juu,
ambaye miguu yake bado iko hapa.